Reli, Mawimbi na Farasi: Shajara ya Kutunga Sudoku ya Kisumu

Jumamosi

Ninatunga sudoku isiyo na tarakimu hata moja iliyoandikwa mwanzoni. Mfumbuaji anapewa jedwali tupu lenye michoro miwili, mstari wa maji na njia ya reli, pamoja na sharti moja la farasi wa chesi. Mtu wa Kisumu akilitazama, nataka aione pembe ya Ghuba ya Winam na treni ikishuka kutoka Mau. Nataka pia fumbo liwe la haki, yaani kila tarakimu ithibitike kwa hoja, pasiwe na mahali pa kubahatisha.

Kanuni zenyewe si ngeni kwa wanaofuatilia sudoku za siku hizi. Farasi anajulikana: vyumba viwili vilivyoachana kwa mruko wa farasi, viwili mbele kimoja kando, havibebi tarakimu ileile. Mawimbi ni mstari ambao kila vyumba viwili vinavyofuatana juu yake hutofautiana kwa 5 au zaidi. Wenzetu wa nje huuita minong'ono ya Kijerumani. Reli ni kile wanachokiita kipimajoto, mstari ambao tarakimu huongezeka, ila hapa kimegeuzwa: tarakimu hupungua kila kituo treni inapoelekea ziwani. Hili la kupungua sikulibuni kwa sababu ya hesabu. Reli iliyofika hapa mwezi wa Desemba 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, inatoka Mau Summit kwenye zaidi ya mita 2,400 na kuteremka hadi mita 1,130 hivi ukingoni mwa maji. Tarakimu nazo ziteremke.

Ninachokitafuta ni mkutano wa kanuni. Nimefumbua mafumbo mengi yenye kanuni nne au tano, kila moja ikifanya kazi yake kwenye kona yake bila kuigusa nyingine. Hayo kwangu ni mafumbo manne yaliyobanwa katika jedwali moja. Langu nitaliona limefaulu siku nitakapoondoa kanuni yoyote na fumbo zima likakwama.

Ili maandishi haya yasomeke: chumba ni mraba mmoja, na viko 81. Visanduku ni tisa, kila kimoja vyumba vitatu kwa vitatu, na kama ilivyo katika kila sudoku, kila safu na kila kisanduku hubeba 1 hadi 9, kila tarakimu mara moja. M ni safu mlalo kuanzia juu, W ni safu wima kuanzia kushoto. M5W5 basi ni katikati kabisa ya jedwali.

Jumapili jioni

Nimeketi na daftari la hesabu lenye miraba, nikichora mahali farasi anapofika. Hii kazi inafaa kufanywa na kila mtunzi kabla hajaitangaza kanuni ya farasi, kwa sababu nguvu yake haiko sawa kila mahali.

Katika sudoku ya kawaida kila chumba kinatazamana na vyumba 20, yaani hakiwezi kubeba tarakimu moja navyo: vinane vya mlalo, vinane vya wima, na vinne vya kisanduku vilivyobaki. M5W5 farasi ana miruko minane na yote inatoka nje ya kisanduku, hivyo chumba hicho kinatazamana na 28. Sogea hadi M4W4 na miruko miwili inaangukia ndani ya kisanduku kilekile, inabaki 26. Nenda sasa hadi M1W1. Farasi ana miruko miwili tu, M2W3 na M3W2, na yote miwili imo ndani ya kisanduku cha kwanza. Kwenye pembe ya jedwali farasi haongezi chochote.

Kwa hiyo mlango wa fumbo hili utakuwa katikati, na pembe nne ndizo zitakazonisumbua baadaye. Naliandika hili mapema ili nisije nikashangaa.

Kuhusu jedwali tupu: Gary McGuire na wenzake wa Dublin walionyesha kwa kompyuta mwaka 2012 kwamba sudoku ya kawaida yenye jibu moja haiwezi kuanza na tarakimu chini ya 17. Wengine husikia hilo wakadhani jedwali tupu haliwezekani. Idadi hiyo ni ya sudoku yenye kanuni zake za msingi tu, ile aliyoitunga Mmarekani Howard Garns ikachapishwa na jarida la Dell mwaka 1979, kabla wachapishaji wa Nikoli wa Japani hawajaichukua mwaka 1984. Ukiongeza mistari na masharti, mistari yenyewe ndiyo inayobeba habari ambazo tarakimu zingezibeba.

Jumanne usiku

Leo nimepata kitu.

Juu ya mawimbi, 5 haikai popote, kwa kuwa hakuna tarakimu inayoachana nayo kwa 5. Zilizobaki hupishana: ndogo (1 hadi 4), kubwa (6 hadi 9), ndogo, kubwa. Mpaka hapo kila mfumbuaji anajua. Tazama sasa 4. Jirani yake wa pekee ni 9. Kama 4 iko katikati ya mstari, ina jirani huku na jirani kule, na wote wawili wanatakiwa kuwa 9. Vivyo hivyo 6 inataka 1 pande zote mbili. Kwa hiyo nikihakikisha kwamba majirani wawili wa chumba fulani wanatazamana, chumba hicho hakiwezi kuwa 4 wala 6.

Ndani ya kisanduku kimoja hilo linajitimiza, kisanduku chenyewe kinakataza. Mstari ukienda moja kwa moja, safu inakataza. Kazi iko pale mstari unapovuka mpaka kutoka kisanduku kimoja hadi kingine huku ukipinda. Ukipinda kwa pembe mraba pale mpakani, majirani wawili wanagusana kwa ncha tu, wala hakuna anayewazuia wote kuwa 9. Ukipinda nusu ya pembe hiyo, yaani hatua moja ya mshazari kisha moja ya wima, majirani wanaachana kwa viwili na kimoja. Mruko wa farasi!

Huo ndio mkutano niliokuwa nautafuta. Farasi na mawimbi wanashirikiana mahali pamoja, mpakani, na hakuna anayeweza kufanya kazi hiyo peke yake.

Nimechora mstari hivi: unaanzia M6W3, unapanda kwa mshazari hadi M5W4, kisha M4W4, M4W5, M4W6, M5W6, M6W6, na kushuka kwa mshazari hadi M7W7. Ni tao linaloizunguka katikati, maji yakikumbatia mji. Vyumba sita vyake vimo ndani ya kisanduku cha katikati na vyote sita ni vya katikati ya mstari, kwa hiyo hakuna 4, hakuna 6, na 5 ilishatoka. Vyumba sita, tarakimu sita: 1, 2, 3, 7, 8, 9. Vitatu vilivyobaki katika kisanduku, M5W5, M6W4 na M6W5, vinagawana 4, 5 na 6.

Alhamisi

Reli imeingia leo na sikutarajia iingie kwa nguvu namna hii.

Nimeipitisha kutoka chini: M9W4, M9W5, M8W5, M7W5, M6W5, na kituo cha mwisho M5W5. Vituo sita. Daftarini nimeviandika Mau Summit, Londiani, Fort Ternan, Muhoroni, Kibos, Kisumu, kwa mpangilio treni inavyovifuata, ingawa njiani viko vingine nilivyoviruka.

Fuata hoja. M6W5 ina vituo vinne nyuma yake, vyote vikubwa kuliko yenyewe, kwa hiyo haiwezi kuzidi 5. Lakini ni moja kati ya 4, 5 na 6, na M5W5 inayoifuata ni ndogo zaidi nayo imo katika hao watatu. Basi M6W5 ni 5 na M5W5 ni 4. Nyuma yake hakuna nafasi ya kuruka hata tarakimu moja: M7W5 ni 6, M8W5 ni 7, M9W5 ni 8, M9W4 ni 9. M6W4 inabakiwa na 6.

Tarakimu saba kwenye jedwali ambalo lilikuwa halina kitu! Ondoa farasi, 4 na 6 zinapata nafasi kwenye mipindo ya mpakani na hoja inavunjika. Ondoa mawimbi, reli ina njia nyingi za kushuka. Ondoa reli, wale watatu wa katikati hawapangiki.

Nilifikiria kumwongeza mfalme pia, yaani vyumba vinavyogusana kwa ncha visibebe tarakimu moja, kwa sababu farasi na mfalme wakiwa pamoja huleta mafumbo mazuri sana. Mwaka 2020 Mitchell Lee alitunga moja lenye farasi, mfalme na sharti la jirani kutofuatana, likianza na tarakimu mbili tu, na wengi waliona miujiza. Kwangu haiwezekani. M6W4 ni 6, M7W5 ni 6, na vyumba hivyo vinagusana kwa ncha. Mfalme angeliua fumbo mlangoni. Farasi abaki peke yake.

Ajua nayo niliipa nafasi kichwani, maana ni mchezo wetu wa bao na ungependeza ndani ya fumbo la Kisumu. Lakini ajua inataka kete zitembee, na sudoku inataka tarakimu zitulie. Nimeiacha.

Jumamosi, kwa Mwalimu

Mwalimu ni jirani yetu, alifundisha hesabu hadi alipostaafu. Nilimpelekea karatasi bila maelezo yoyote zaidi ya kanuni. Mpwa wangu alikuwepo, naye nikampa nakala yake.

Binti alianza na reli. "Mjomba, hii reli inaweza kuanzia 9 au 8 au 7, sasa mimi nitajuaje?" Sikumjibu. Mwalimu aliuweka kidole pale mstari unapovuka M6W3 kwenda M5W4, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Hapa farasi anakataza 9 mbili." Alipolisema hilo tu, binti alinyang'anya kalamu na kumaliza zile saba kabla chai haijapoa.

Hilo ndilo nililotaka kuliona. Mlango upo, unaonekana kwa anayetazama, na unaleta furaha.

Kisha walikwama, na ni mimi niliyewakwamisha kwa makusudi kwa kuwa sijachora zaidi. Mwalimu aliendelea kuchimba mawimbi na akatoa hoja nzuri ambayo mimi nilikuwa sijaifikia. Katika vile vyumba sita, 3 inataka 8 na 9 kama majirani zake, na 7 inataka 1 na 2. Kati ya 3 na 7 zenyewe tofauti ni 4, haziwezi kufuatana. Kwa kuwa ndogo na kubwa hupishana, 3 na 7 lazima ziachane kwa hatua tatu juu ya mstari, au zikae kwenye ncha mbili za ile sita, M5W4 na M6W6. Hakuna namna nyingine.

Akaongeza kwamba M8W5 ni 7, na farasi akiruka kutoka hapo anatua M6W6, kwa hiyo 7 haikai M6W6. Na 9 ya M9W4 inazuia 9 kwenye M4W4 na M5W4. Nilipofika nyumbani nilizipanga njia zote zilizobaki na kuzifuta zile zinazoweka tarakimu moja mara mbili kwenye safu mlalo ya sita. Zimebaki njia tatu tu za kuweka 3 na 7. Kwa kisanduku kisichokuwa na tarakimu iliyoandikwa, hiyo ni karibu sana.

Jumatatu

Njia tatu zinahitaji kitu kimoja cha kuamua. Sitaki kuandika tarakimu, kwa hiyo nimetumia zizi: vyumba vilivyozungushiwa mstari wa nukta, jumla yake ikiandikwa pembeni. Nimezungushia M4W4 na M5W4 na kuandika 11.

Kumi na moja kutoka kwa hizo tarakimu sita, zikitofautiana kwa 5 au zaidi, ni 9 na 2 au 8 na 3. Tisa imeshakatazwa katika safu hiyo. Ni 8 na 3. Kama 3 iko M5W4, majirani zake ni 8 na 9, kwa hiyo M6W3 inakuwa 9. 7 haiwezi kuwa M6W6, inakwenda M4W6, na 9 ya kisanduku inabakiwa na M6W6. Tisa mbili kwenye safu mlalo ya sita. Haiwezekani. Basi M5W4 ni 8 na M4W4 ni 3.

Kutoka hapo yote yanafuata: 3 inataka 9 upande wa pili, M4W5 ni 9. Saba inakaa M5W6. Moja na 2 zinagawana M4W6 na M6W6. Zizi moja, na kisanduku cha katikati kimejaa isipokuwa hizo mbili.

Jumatano usiku

Nina programu ndogo niliyoiandika kwa Python, inayojaza jedwali, ikikwama inarudi nyuma na kujaribu nyingine, hadi imalize majibu yote. Mtunzi asiyekuwa na chombo cha namna hiyo anaweza kufanya kazi kwa mkono, ila kuthibitisha kwamba jibu ni moja kwa jedwali tupu kunachosha mno. Niliipa programu fumbo lilivyo, pamoja na michoro ya majaribio ya pembeni, ili inionyeshe majibu mawili mawili yanayokaribiana.

Ilinionyesha jozi ambayo inafaa kuelezwa. Majibu mawili yalifanana katika vyumba vyote isipokuwa vinne: M4W3, M4W6, M6W3 na M6W6. Katika jibu moja ni 1, 2, 2, 1. Katika lingine ni 2, 1, 1, 2. Vyumba hivyo ni pembe za mstatili ulio katika visanduku viwili, safu mbili za mlalo na mbili za wima, na 1 na 2 zikibadilishana nafasi hakuna safu wala kisanduku kinacholalamika.

Nilitaka kujua kwa nini farasi hakuuvunja mstatili huu. Sababu ni umbali. Mstatili wa namna hii ungekuwa na safu zake za wima jirani kabisa, tuseme W6 na W7, ungevunjika wenyewe: kutoka M4W6 hadi M6W7 ni mruko wa farasi, na hapo ndipo 1 na 1 zingekaa. Lakini W3 na W6 zimeachana kwa tatu, farasi hafiki. Mawimbi nayo hayasaidii, maana M6W3 iko karibu na 8, na 8 inaafikiana na 1 sawasawa na 2. Hata M7W7, ambayo haiwezi kuwa 6 kwa sababu ya safu mlalo ya saba wala 7 kwa sababu ya farasi, ni 8 au 9 na haijali.

Dawa yake ni zizi la pili: M6W2 na M6W3, jumla 11. Kwa kuwa M6W3 ni 1 au 2, na hakuna tarakimu moja inayojumlishwa na 1 ikatoa 11, ni 2, na M6W2 ni 9. Kisha M6W6 ni 1, M4W6 ni 2. Kisanduku cha katikati kinasomeka 3 9 2, 8 4 7, 6 5 1.

Nimependa kwamba mazizi yote mawili yana 11. Ningeweza kuweka jumla nyingine sehemu nyingine na kufika palepale, lakini mfumbuaji anapoiona namba ileile mara mbili anajua kuna mkono wa mtu hapa.

Jumapili

Nusu ya chini inakwenda vizuri. Juu ndiko kugumu, kama nilivyoandika siku ya daftari: karibu na pembe farasi hana pa kurukia.

Ninajaribu kupitisha tawi la reli. Kutoka Kisumu kuna njia ya Butere, inayopita Maseno, Luanda na Yala, na kwenye ramani iko kaskazini magharibi, yaani juu kushoto kwenye jedwali langu. Nimeianzisha M1W1, ikateremka kwa mshazari hadi M2W2 na M3W3, na kuishia M4W3, ukingoni mwa maji, kwa kanuni ileile ya kupungua kuelekea ziwani. Vyumba vinne havitoshi kufunga kisanduku cha kwanza, ila M1W1 sasa haiwezi kuwa chini ya 4, na hicho ni zaidi ya alichowahi kunipa farasi hapo.

Pembe ya juu kulia bado iko wazi. Programu inatoa majibu mengi, yote yakitofautiana katika kisanduku cha tatu na vyumba vichache vya cha sita. Mpwa wangu anapendekeza mawimbi mengine mafupi hapo. Mwalimu anapinga, anasema mawimbi yakae mahali pamoja ili tao la katikati lisipoteze uzito wake, na badala yake nitumie zizi moja kubwa la vyumba vitano. Nimekubaliana na Mwalimu. Kesho nitaanza na M1W7, M1W8, M1W9, M2W9 na M3W9, nikijaribu jumla ndogo ndogo kwanza: 15 inalazimisha 1 hadi 5 moja kwa moja, na 16 inalazimisha 1, 2, 3, 4 na 6.